Dada, nimemsikia mpiga besi

Shikamoo dada.

Najua utauliza kwa nini nakuandikia hadharani wakati namba yangu unayo. Nimekupigia mara mbili mwezi huu, na mara zote mbili tumeishia kwenye bei ya vitambaa. Jina lako silitaji, wala la shemeji. Kama bado natakiwa kumwita shemeji, hilo nalo hujanielekeza.

Wiki iliyopita nilikuwa napangua kabati la mama nikaikuta kanda yako. TDK ya dakika sitini. Kwenye lebo umechora chungwa kwa biki nyekundu, na chini yake umeandika NO DOUBT – USIFUTE, hiyo USIFUTE ukaipigia mistari miwili kwa ajili yangu, maana nilishawahi kukufutia kanda kwa kurekodi taarifa ya habari nikijaribu vitufe. Mkanda wenyewe umeota ukungu, na redio ya kuupiga haipo tena nyumbani. Kwa hiyo Tragic Kingdom, ile albamu ya bendi ya No Doubt, nimeisikiliza kwenye simu, ndani ya mwendokasi, Kimara mpaka Kivukoni, na nilipofika nikapanda tena kurudi ili niimalize.

Unakumbuka tulivyokuwa tunaisikiliza? Wewe una miaka kumi na saba, mimi kumi na mmoja, tunarudisha kanda kwa biki ili betri zisiishe, na wimbo wa mwisho unakatika kabla haujafika mwisho kwa sababu rafiki yako wa Upanga aliyeturekodia aliacha nafasi tupu mwanzoni mwa upande B. Miaka yote hiyo niliamini wimbo ule unaisha hivyo, kama mtu kafungiwa mlango usoni. Rafiki huyohuyo ndiye aliyekuonyesha jalada la sidii: Gwen Stefani, mwimbaji wao, mbele na gauni jekundu na chungwa, wanaume nyuma kwenye miti ya michungwa. Wale wanaume hatukuwatazama hata kidogo. Tulichobishania ni kile kidoti kwenye paji la uso. Wewe ulisema lazima ana damu ya Kihindi, mimi nikasema ni urembo tu.

Tulikosea wote, na tulipatia wote. Mpiga besi, Tony Kanal, ndiye wa wazazi Wahindi. Kazaliwa London, akahamia Anaheim, California, na huko ndiko bendi ilikoanzia mwaka 1986. Gwen alikiona kidoti kwa mama yake Tony, akakipenda, akaanza kukivaa. Alikuwa mpenzi wa Tony kwa miaka saba. Kwa hiyo hata baada ya kuachwa, alipanda jukwaani na urembo alioujulia nyumbani kwa mama mkwe ambaye hakuwa tena mama mkwe. Hili nilikuwa silijui, na nilipolisoma nilikaa kimya kidogo.

Yaliyobaki utayajua ukitaka. Anaheim ndiko iliko Disneyland, ile bustani ya michezo, ndiyo maana jina la albamu linaukejeli ule ufalme wa maajabu, Magic Kingdom, na kuugeuza ufalme wa msiba. Machungwa ni kwa sababu wilaya yenyewe inaitwa Orange. Midundo ile iliyokuwa inakufanya uruke kitandani, gitaa likigonga pale ambapo mguu bado uko hewani, ni ska. Ilizaliwa Jamaika mwishoni mwa miaka ya 1950, ikapita Uingereza kwa bendi za akina The Specials na Madness, ndipo ikawafikia hawa watoto wa California. Albamu ilitoka Oktoba 1995, ikachukua zaidi ya mwaka mzima kupanda hadi namba moja Marekani, ikakaa huko wiki tisa. Kufikia 1999 ilikuwa imepewa almasi, maana yake nakala milioni kumi kwa Marekani peke yake. Haya.

Ninachotaka kukwambia ni hiki. Walianza kurekodi 1993 wakamaliza 1995, na katikati hapo, 1994, Tony akayavunja mapenzi. Waliingia studio wapenzi wakatoka si wapenzi, na bendi ni ileile. Sasa sikiliza upande B ukiwa unalijua hilo. Sunday Morning, dada, ule wimbo uliokuwa unafulia nao nguo, ulianza Tony akiwa anaumwa tumbo, kajifungia bafuni kwa wazazi wake, na Gwen yuko nje ya mlango anamwimbia kumbembeleza. Halafu mapenzi yakaisha, maneno yakageuzwa, na wimbo wa kumbembeleza mgonjwa ukawa wimbo wa kumwambia kwamba nilidhani nakujua. Unaofuata ni Don't Speak, ule uliotuliza sote wawili bila sisi kuwa na mtu wa kumlilia. Na wenyewe mwanzo ulikuwa wimbo wa mapenzi matamu, umetungwa na Eric, kaka yake Gwen. Dada mtu akaingia akaandika upya. Eric mwenyewe aliiacha bendi akaenda kuchora katuni za The Simpsons, kwa hiyo Gwen alikuwa anaondokewa na wawili kwa mpigo, mmoja kaondoka kweli na mwingine kabaki amesimama pale pale kashika besi.

Huyo aliyebaki ndiye ninayemsikia siku hizi.

Wewe umekulia kwenye taarabu kama mimi. Tulikuwa bado wadogo Dar ilipogawanyika kati ya vikundi vya TOT na Muungano, na mama zetu walienda ukumbini wakijua kabisa nani anasemwa na nani anajibu. Mpasho una utaratibu wake: anayepashwa yuko kwenye viti, anaweza kununa, anaweza kuinuka kwenda kutunza kwa dharau, anaweza kwenda zake nyumbani. Sijawahi kuona mpasho ambao anayepashwa ndiye mpiga ala. Happy Now?, wimbo wa nne upande A, ni mpasho mtupu. Hauna fumbo wala tafsida, unamuuliza mtu kama sasa roho yake imeridhika kubaki peke yake. Na mtu huyo yuko nyuma ya mwimbaji hatua tatu, vidole vinatembea juu ya nyuzi, anahakikisha swali linafika kwa mdundo sahihi. Kisha wakazunguka nao ulimwenguni zaidi ya miaka miwili. Usiku kwa usiku, swali lilelile.

Na hapigi kwa kinyongo. Nimesikiliza makusudi nikimtafuta akilegea, sijampata. Kwenye Spiderwebs besi inacheza kuliko sauti. Kwenye Sunday Morning ndiyo inayompa Gwen pa kukanyaga, ukiiondoa wimbo unaanguka. Sijui alikuwa anaomba radhi, au alikuwa kazini tu, au mtu akishaujua wimbo hawezi tena kuupiga vibaya hata akitaka.

Nisikudanganye kwamba albamu nzima imebaki tamu. You Can Do It inajaribu disko na mimi nairuka, kama tulivyokuwa tunairuka zamani kwa kubonyeza na kubahatisha. The Climb ni ndefu kama foleni ya Ubungo. Just a Girl imenishangaza kwa upande mwingine. Tuliiimba kama wimbo wa fujo, kumbe ilianza na baba kumkasirikia binti kwa kuendesha gari usiku akitoka kwa huyo huyo Tony. Ungekuwa unaelewa maneno siku ile baba mkubwa alipokusubiri sebuleni na taa imezimwa, nadhani ungemwekea kanda badala ya kujibu.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike.

Mwezi wa sita, kwenye kikao cha familia, mimi ndiye niliyesema huna haya. Nilisema mwanamke aliyeachana na mume hawezi kuendelea kufanya naye biashara, tena biashara ya harusi za watu. Nilisema utakuwa kichekesho, wewe unafunga maua yeye anafunga spika, mnawapambia wengine kile kilichowashinda. Watu walicheka na mimi nikajiona nimesema. Wewe uliinua vikombe ukaenda kuviosha.

Jumamosi iliyopita nilipita pale ukumbini, hukuniona. Nilikuja na bahasha ya mchango wa mtu mwingine. Ulikuwa juu ya ngazi, una pini mdomoni, unavuta kitambaa cheupe kwenye dari, na yeye yuko chini anakung'uta waya. Hamkuwa mnazungumza. Ngazi ikayumba. Hakukutazama wala hakusema kitu, alisogeza mguu tu akaukanyaga mguu wa ngazi, akaendelea na waya wake mkononi mpaka ulipomaliza pini ya mwisho. Ukashuka. Akaondoa mguu. Ukaihamisha ngazi mwenyewe kwenda kona ya pili na yeye akafuata nyuma akiburuta spika, kama vile njia yake ilikuwa huko huko.

Nilisimama mlangoni na bahasha yangu. Sikusema kwamba mrudiane, na wala sitasema, hayo ni yenu. Najua alichokufanyia, na mimi bado sijamsamehe hata kama wewe umeshamsamehe. Lakini lile neno la kikaoni nalifuta. Wewe ndiye uliyeanzisha kazi ile kwa cherehani ya kukodi, na yeye ndiye aliyekopa mpaka spika zikapatikana. Sijui ni nani kati yenu nilitaka aiache.

Wimbo wa mwisho nimeusikia mpaka mwisho hatimaye, nikiwa kituo cha Magomeni. Ungeupenda. Kanda nimeifuta ukungu kwa pamba na spiriti, naiweka kwenye begi. Jumamosi hii mna kazi Sinza, nimeuliza. Nitafika saa nne asubuhi, mniachie mimi ngazi niishike.

Mdogo wako.