Yah: Madai ya kuharibika kwa pweza waliogandishwa ndani ya kontena la baridi, Malindi hadi Sohar

Meneja wa Madai,
Kampuni ya Usafirishaji wa Makontena,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tumepokea jibu lenu kuhusu kontena letu la baridi la futi 20, lililopakiwa pweza waliogandishwa hapa Bandari ya Malindi, Unguja, na kufika Sohar, Oman, baada ya kushushwa na kupakiwa tena katika bandari ya kuhamishia mizigo. Mmelikataa dai letu kwa hoja kuu moja, kwamba siku kontena lilipofunguliwa kipimo cha mashine kilisoma nyuzi 18 chini ya sifuri kama tulivyoagiza, na kwa hiyo mzigo ulifika salama. Hoja hiyo hatuikubali. Joto la siku ya mwisho halielezi yaliyopita njiani, na ninyi wenye mashine hizo mnalijua hilo kuliko sisi.

Mlango ulifunguliwa mbele ya mwakilishi wa mnunuzi, wakala wenu na mkaguzi wa kujitegemea, na picha zilipigwa kabla katoni hata moja haijaguswa. Katoni za safu ya chini zilikuwa zimebonyea na kushikamana na sakafu, hata ikabidi zibanduliwe kwa mtaimbo. Ndani ya mifereji ya sakafu, ambamo hewa ya baridi hupita, mlikuwa na barafu ya rangi ya waridi iliyochafuka, yaani maji ya pweza yaliyochuruzika na kuganda upya. Pweza tuliowagandisha mmoja mmoja, kila mmoja akiwa na utando wake mwembamba wa barafu, walikutwa wameungana mabonge, na minyiri iliyokuwa imekunjwa vizuri kiwandani imelala bapa, imegandamana na ya jirani yake. Kwa nyuzi 18 chini ya sifuri hakuna maji yanayochuruzika. Mzigo huu uliyeyuka, kisha ukagandishwa tena na mashine yenu umeme uliporudi, na ndiyo maana kipimo kikasoma vizuri siku ya mwisho.

Kontena la baridi limeundwa kulitunza joto la mzigo uliokwisha kugandishwa, halikuundwa kugandisha. Kiwandani pweza hupigwa hewa ya baridi kali ili avuke haraka kiwango cha kati ya nyuzi 1 na 5 chini ya sifuri, ambapo sehemu kubwa ya maji yaliyomo katika nyama huganda. Akivuka haraka, chembe za barafu hubaki ndogo na nyama husalimika. Akivuka polepole, kama inavyotokea mzigo ulioyeyuka unapoachwa ugande wenyewe ndani ya kontena, chembe hizo hukua na kuchana nyama, na pweza akitolewa barafu hutoa maji mengi na kubaki laini asiyefaa kuuzwa. Tena kugandisha hakuui bakteria wote, huwasimamisha tu, na waliozaliana wakati mzigo umeyeyuka wanakuwa bado wamo. Hatuwezi kumwambia mlaji wa Muscat kwamba chakula hiki ni salama kwa sababu namba kwenye kioo cha mashine ni nzuri.

Nije kwenye jambo linalotuuma zaidi. Kompyuta ya kontena huandika joto la hewa inayoingia kwenye mzigo na joto la hewa inayorudi, na huandika pia umeme unapokatika na unaporudi. Tuliomba kumbukumbu za safari nzima, nanyi mkatuletea kurasa zenye pengo, na pengo hilo limeangukia palepale kontena lilipokuwa limelala katika yadi ya bandari ya kuhamishia. Mstari wa kwanza baada ya pengo unaonyesha hewa inayoingia ikiwa nyuzi 12 chini ya sifuri na inayorudi ikiwa nyuzi 3 tu chini ya sifuri. Mtu yeyote aliyezoea kusoma kurasa hizi ataona hapo mashine iliyowashwa karibuni na inayohangaika kuupoza mzigo uliopata joto. Katika jibu lenu hamkuugusa mstari huo hata kwa neno moja.

Mmedokeza vilevile kwamba huenda tulipakia mzigo usioganda vizuri, au tulipanga katoni kupita mstari mwekundu, ulio kikomo cha kupanga mzigo ndani ya kontena, na kuziba njia ya hewa. Tumeambatisha picha za upakiaji zinazoonyesha mstari huo uko wazi hadi mlangoni, pamoja na karatasi ya vipimo iliyosainiwa na dereva wenu, ambapo kipima joto kilichomekwa ndani ya nyama ya pweza wa katoni za mbele, za katikati na za nyuma, na hakuna aliyepanda juu ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Lakiri ya mlango, yaani muhuri wa kuufunga, ilifika Sohar ikiwa nzima. Kuanzia mlango ulipofungwa, mwenye uwezo wa kulichomeka au kutolichomeka kontena hilo kwenye umeme ni ninyi na mawakala wenu peke yenu.

Bili yenu ya shehena, yaani hati ya kupokea na kusafirisha mzigo, inasema inafuata Kanuni za Hague za mwaka 1924, ambazo ni kanuni za kimataifa za kubeba mizigo baharini. Kanuni hizo zinamtaka msafirishaji ahangaike ipasavyo, kabla na mwanzoni mwa safari, kuhakikisha kwamba sehemu za baridi zinafaa kupokea na kuhifadhi mzigo, kisha autunze kwa uangalifu mpaka aushushe. Kontena lililoachwa bila umeme juani halikutunzwa. Taarifa ya uharibifu mlipewa kwa maandishi siku ileile ya kufungua, ingawa kanuni zinatoa siku tatu kwa hasara isiyoonekana kwa nje.

Sehemu kubwa ya pweza hawa ilitoka Kisiwa Panza, Pemba, ambako wanakijiji hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na siku ya kufungua, maji ya bamvua yakitoka, wanawake na wanaume huingia mwambani pamoja. Tuliwalipa taslimu palepale pwani, kwa hiyo hasara hii haijawafikia bado. Itawafikia mwamba utakapofunguliwa tena, kwa sababu mtaji wa kuwanunulia umefukiwa jaani huko Sohar. Punguzo la nauli mnalotupa kwa safari ijayo haliwezi kuuziba mwanya huo, nasi hatulipokei kama malipo ya dai hili.

Kwa hiyo tunataka, ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii, mtuletee kumbukumbu kamili za kompyuta ya kontena zisizo na pengo, ripoti ya ukaguzi wa mashine kabla ya kontena kutolewa kwetu, na daftari la kuchomeka umeme la yadi na la meli zote mbili. Tunataka pia mlipe thamani yote ya mzigo kama ilivyo kwenye ankara, nauli tuliyolipa, na gharama za ukaguzi na za kuuteketeza mzigo. Kwa kuwa kanuni hizo zinaweka kikomo cha mwaka mmoja wa kufungua shauri tangu mzigo ulipokabidhiwa, tunaomba mtuongezee muda huo kwa maandishi wakati mazungumzo yakiendelea. Msipofanya hivyo, mwanasheria wetu ameelekezwa kufungua shauri kabla kikomo hakijafika.

Wenu katika biashara,

Msimamizi wa Usafirishaji,
kwa niaba ya washirika,
Unguja.

Viambatisho: bili ya shehena, ankara, picha za upakiaji na za ufunguzi, karatasi ya vipimo, ripoti ya mkaguzi, kurasa za kumbukumbu mlizotutumia.