Risala ya Klabu ya Wanafunzi wa Radiografia kwa Mgeni Rasmi, Nairobi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjambo.

Tunakushukuru kwa kufika. Foleni ya Thika Road haijui mgeni rasmi ni nani.

Mheshimiwa, klabu yetu inashughulika na jambo moja: kuondoa mifupa kwenye picha za CT, yaani eksirei za kompyuta zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande, ili mishipa ya damu ionekane. Mgonjwa akidungwa dawa yenye ayodini, mishipa yake hung'aa. Shida ni kwamba mfupa nao hung'aa. Katika kipimo cha Hounsfield, kinachoonyesha jinsi kitu kinavyozuia eksirei, maji ni 0 na hewa ni -1000, lakini mshipa wenye dawa na mfupa huweza kuangukia namba zilezile. Pale ateri ya shingo inapopenya chini ya fuvu kwenda kwenye ubongo, hujificha hasa.

Njia mojawapo ni kupiga picha kabla ya dawa na baada ya dawa, kisha kutoa ya kwanza kwenye ya pili, ibaki mishipa. Ile ya kwanza hupigwa kwa mionzi kidogo, kumhurumia mgonjwa. Ila akimeza mate tu katikati, mifupa haikutani tena. Lazima picha zilinganishwe kwanza, kama fundi anavyokutanisha maua ya kitenge kwenye mshono.

Sisi tulianza na shingo ya mbuzi kutoka soko la nyama la Burma. (Harufu ya siku ya tatu tuiache.) Tulipitisha mpira wa dripu kando ya mifupa, uwe kama mshipa, tukapiga picha, tukaujaza dawa, tukapiga tena. Wakati wa kujaza, shingo ikasogea. Tulipogeuza picha nzima kwa pamoja, pingili za juu zilikaa sawa, za chini zikaacha kingo nyeupe, maana shingo hujipinda. Tukalinganisha kila pingili peke yake. Mpira ukatokea, isipokuwa mahali pamoja ulipogusa mfupa, ambapo unaonekana kana kwamba umeng'atwa. Hapo daktari angedhani mshipa umeziba, na hilo linatunyima usingizi.

Tunaomba mambo matatu: kompyuta yenye kadi ya grafiki, kwani tuliyo nayo hukesha kwa jaribio moja, picha za wagonjwa zilizofutwa majina, kwa idhini ya kamati ya maadili, na daktari wa radiolojia wa kutukosoa.

La mwisho ni dogo. Shingo ya pili iko kwenye friza ya kantini, na mpishi ametupa hadi Ijumaa.

Tunawasilisha.