Maghala yafuate reli Kwala, yasitufuate vijijini

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nieleze jambo ambalo kwa miezi kadhaa sasa linazungumzwa vijiweni, baada ya sala na kwenye foleni ya zahanati katika vijiji vyetu vya Mkoa wa Pwani, upande huu wa Mlandizi na Ruvu, lakini halijazungumzwa mahali linapostahili, yaani katika mkutano mkuu wa kijiji. Jambo lenyewe ni mpango wa kampuni moja kujenga maghala na yadi ya makontena katika mashamba yaliyo kando ya barabara ya vumbi inayochepuka kutoka Barabara ya Morogoro kuingia kijijini kwetu. Kampuni hiyo sitaitaja, kwa kuwa kinachotusumbua si jina lake. Ikiondoka hii, itakuja nyingine na mchoro unaofanana na huu.

Nianze kwa kuondoa dhana kwamba wanaopinga maghala ni watu wasiojua faida zake. Sisi ni wakulima wa korosho na ufuta, tunauza kwa stakabadhi ghalani, na tunajua kwamba pasipo ghala mkulima huuza kwa bei ya mchuuzi aliyemkuta barazani. Ghala la ushirika huamka wakati wa msimu, hupokea magunia, hutoa mzigo baada ya mnada, kisha hulala hadi mwaka unaofuata. Maghala tunayoletewa sasa ni ya aina nyingine. Ni ya mizigo inayoshushwa Bandari ya Dar es Salaam na kusubiri safari ya kwenda Zambia, Kongo na kwingineko, na kazi yake haina msimu wala usiku. Malori yataingia na kutoka saa zote, na hakuna hata gunia moja la ufuta wetu litakalohifadhiwa humo.

Barabara itakayobeba malori hayo iko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, ni ya udongo na changarawe, na ilichongwa kwa ajili ya baiskeli, bodaboda na gari dogo linalokuja kuchukua mazao. Semi-trela mbili zikikutana, mojawapo lazima iingie shambani kwa mtu. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu gari lenye ekseli za kutosha kufikisha uzito wa tani 56, na kwenye barabara kuu kuna mizani ya Vigwaza ya kuhakikisha hazizidi hapo. Uzito huo umepimwa kwa hesabu ya lami na madaraja ya barabara kuu. Lori lililovuka mizani kihalali kabisa, likishaingia kwetu, linapita juu ya kalavati ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza linabeba tani ngapi. Wahandisi wa barabara hukadiria kwamba uzito wa ekseli ukiongezeka maradufu, uharibifu wa barabara hufikia takriban mara 16, na mtu akilifahamu hilo hatashangaa kuona kwamba barabara iliyovumilia miaka mingi ya pikipiki haimalizi masika moja ya malori. Kalavati likishakatika, lori hurudi barabara kuu kutafuta njia nyingine, nasi hubaki na mama mjamzito upande mmoja na zahanati upande wa pili.

Hofu hii hatuitoi kichwani, kwa sababu yadi ya kwanza tayari ipo, ndogo kuliko inayopangwa sasa, na tumeishi nayo. Baadhi yetu wazazi tuliamua siku moja kukaa na daftari chini ya mwembe ulio mkabala na shule ya msingi, tukawa tunapiga mstari kwa kila lori linalopita. Kabla ya adhuhuri ukurasa wa kwanza ulikuwa umejaa pande zote mbili. Tuliona watoto wa darasa la kwanza wakishuka mtaroni kila linapotokea lori, wakafunika nyuso kwa mashati, wakasubiri vumbi litue, kisha wakapanda tena barabarani, kwa utaratibu waliokwisha kuuzoea kiasi kwamba hawakatizi hata mazungumzo yao. Hicho ndicho kilichonisikitisha zaidi. Kisheria mwendo katika makazi ya watu hautakiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa, lakini kwetu hakuna kibao, hakuna tuta, wala hakuna askari wa usalama barabarani anayefika isipokuwa siku ya ajali.

Madereva wenyewe siwalaumu sana. Dereva anayefika yadi ikiwa imejaa huambiwa asubiri, naye husubiri alipo, kando ya barabara, pamoja na utingo wake, siku moja au tatu, bila choo, bila maji na bila mahali pa kulala ila kwenye kichwa cha gari. Jioni wafugaji wanaporudisha ng'ombe kutoka malishoni hulazimika kupenyeza kundi katikati ya magari yaliyoegeshwa na yanayotembea. Yadi imeweka ukuta mrefu na taa kali, imepanga makontena yake vizuri ndani, na foleni yake imeiacha nje, kwetu.

Sasa nije kwenye kiini cha barua hii. Tarehe 31 Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Bandari Kavu ya Kwala, hapa hapa mkoani Pwani, pamoja na usafirishaji wa mizigo kwa reli ya kisasa ya SGR. Barabara ya kutoka Vigwaza hadi Kwala imejengwa kwa zege, ili ihimili makontena. Nchi jirani zimetengewa maeneo huko kwa ajili ya mizigo yao, na eneo la viwanda limewekwa karibu. Tuliambiwa, na tuliamini, kwamba shabaha ya kazi yote hiyo ni kupunguza msongamano bandarini na kuyaondoa malori barabarani kwa kuupeleka mzigo kwa treni hadi nje ya jiji. Ikiwa hivyo ndivyo, kwa nini ghala la mizigo ya bandari lijengwe mahali ambapo treni haifiki, wala zege halifiki? Kila kontena linalopelekwa kwenye yadi isiyo na reli ama halikupanda treni kabisa, ama limeshushwa kwenye treni likapakiwa tena kwenye lori. Serikali imetumia fedha nyingi kuyaondoa malori Dar es Salaam, na maghala yanayochipuka ovyo kandokando ya Barabara ya Morogoro yanayahamishia kwetu.

Jibu tunalopewa ni kwamba ghala hili moja litaleta magari machache tu. Huenda ni kweli. Aliyejenga yadi ya kwanza alisema hivyohivyo, na yeyote atakayefuata atasema hivyo. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba ni barabara yetu. Kila mwekezaji anapimwa kwa kiwanja chake na mageti yake, tathmini ya athari kwa mazingira inayotakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inafanywa kana kwamba jirani yake hayupo, na hakuna ofisi hata moja, kuanzia kijijini hadi mkoani, ambayo tumeiona ikijumlisha malori ya wote na kuuliza kama barabara inayatosha. Sheria hiyohiyo inawapa wananchi watakaoathirika haki ya kusikilizwa kabla ya uamuzi. Kwetu kusikilizwa kulikuwa ni vijana wawili wenye fomu waliopita nyumba chache mchana, wakati wenye nyumba wako shambani.

Ardhi nayo imekwenda kwa mtindo huohuo wa kipande kwa kipande. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, na ardhi ya kijiji inapotakiwa kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla, yaani isiyo tena chini ya kijiji, wanakijiji hupewa taarifa na kutoa maoni, na kwa eneo lisilozidi hekta 250 uamuzi ni wa mkutano mkuu wenyewe. Utaratibu huo ni mzuri, lakini unafanya kazi pale tu ardhi inapoombwa wazi. Dalali anayemfuata mjane mmoja leo, mzee mgonjwa wiki ijayo, na kijana mwenye haraka ya kununua bodaboda mwezi unaofuata, hawezi kuonekana katika ajenda ya mkutano wowote. Siku ukuta unapoanza kupanda ndipo kijiji kinapogundua kwamba ekari mbili za huyu na tatu za yule zimekuwa shamba moja kubwa lenye mwenye mali mmoja asiyejulikana. Wenzetu waliouza siwashutumu. Mtu mwenye shida huuza alichonacho. Ninachouliza ni kama matumizi mapya ya ardhi hiyo yanakubaliana na mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, ambao ulipoandaliwa ulionyesha eneo hilo kuwa la kilimo na malisho.

Kuhusu ajira nitasema kwa ufupi. Vijana wetu kadhaa wamepata kazi ya ulinzi na vibarua katika yadi iliyopo, na kwa familia zao si jambo dogo. Lakini ghala la kisasa huendeshwa kwa mashine za kunyanyulia mizigo na watu wachache wanaojua kuziendesha, na ajira hizohizo zingekuwa Kwala, safari fupi tu kutoka hapa.

Wasomaji wa Dar es Salaam wanaoona kwamba haya ni ya watu wa shamba wakumbuke kwamba maji yao kwa sehemu kubwa yanatoka katika Mto Ruvu, na kwamba mtambo wa kusafisha maji wa Ruvu Juu uko Mlandizi. Eneo likishasakafiwa, mvua haizami tena ardhini. Huteremka na oili iliyomwagika, ikapita kwenye majaruba ya mpunga, ikaelekea mtoni.

Kwa hiyo tunaomba mambo machache. Halmashauri ya wilaya isitishe vibali vya maghala na yadi za mizigo ya bandari nje ya maeneo yaliyotengwa, hadi TARURA na TANROADS, wakala wa barabara kuu, watakapohesabu kwa pamoja malori ya yadi zote zilizopo na zinazoombwa katika ukanda huu. Yadi iliyokwisha kujengwa itakiwe kuegesha magari yake ndani ya ukuta wake na kutopitisha lori mbele ya shule saa ambazo watoto wanakwenda na kurudi. Mchoro wa mradi mpya, pamoja na ripoti yake ya mazingira iliyoandikwa kwa Kiswahili, ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, si kufungiwa katika droo ya mtendaji.

Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na wetu umekwisha kuahirishwa. Utakapoitishwa, tunaomba suala hili liwe ajenda ya kwanza, kabla watu hawajaanza kuondoka kuwahi mifugo, na mwakilishi wa kampuni awepo ajibu maswali mwenyewe. Daftari letu tumelihifadhi, na tutakwenda nalo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkulima na mzazi,
Mlandizi, Pwani.