Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mafunzo ya Watakaotuongoza

Ndugu wanachama, wazee wetu mlioketi mbele, na wageni mliotoka Bahi, Chamwino na Kondoa: mbukwenyi.

Katiba ya chama chetu inamtaka mwenyekiti atoe taarifa ya kazi za mwaka mzima kabla ya ajenda ya fedha kufunguliwa. Mambo yaliyokwenda kama kawaida nitayapita kwa haraka, kwa kuwa katibu ameyaweka yote kwenye makabrasha mliyogawiwa mlangoni. Muda nitautumia kwenye jambo moja ambalo kamati tendaji imelibeba tangu msimu wa kilimo uliopita, nalo ni mafunzo ya watu watakaoongoza mila na ibada zetu baada yetu.

Jambo hili lilianzia msibani. Mwaka huu tulimzika mama yetu mmoja aliyekuwa akiongoza nyimbo za maombi ya mvua kijijini kwake, na siku ya matanga binti yake alituambia, huku akipepeta mtama wa kupikia wageni, kwamba nyimbo zote anazijua tangu utoto, ila hajui upi unatangulia na upi unafuata, wala ni wapi watu wananyamaza kwanza. Mama alikuwa akianza, wao wakaitikia. Tulirudi mjini tukiwa wazito. Kwa miaka mingi tumekuwa tukikusanya hadithi, ala na picha, tukaamini kwamba tunahifadhi, kumbe hatukuwa tumemfundisha hata mtu mmoja namna ya kuanza.

Ndipo kamati ilipopendekeza kwamba mijadala yetu ya Jumamosi, ile ya chini ya mwembe pale Chang'ombe, ielekezwe kwa watu ambao uzi wao ulikatika kabisa wakalazimika kuuokota upya, yaani jumuiya za wapagani wa kisasa za Ulaya na Marekani. Nafahamu kwamba neno hilo liliwachoma baadhi yenu. Bibi zetu waliitwa wapagani kwa maana ya watu wasio na dini, nao walikuwa na dini wakiwa wamesimama juu ya ardhi yao wenyewe. Katika Kilatini, paganus alikuwa mtu wa shamba, mkaaji wa kijijini. Wenzetu hao wameliokota tusi wakalifanya jina lao kwa hiari, ilhali sisi tulipachikwa na wengine. Kwa hiyo kamati iliamua kwamba katika maandishi ya chama neno hilo litatumika kwa wale tu wanaojiita hivyo, na za kwetu tutaendelea kuziita dini za jadi.

Tulianza na Uingereza. Sheria ya uchawi ya mwaka 1735 ilifutwa huko mwaka 1951, na miaka mitatu baadaye Gerald Gardner akachapisha kitabu kilichoitambulisha kwa umma dini ya kisasa ya uchawi inayoitwa Wicca. Mafunzo yake yalikuwa ya mkononi: kikundi kidogo, ngazi tatu za kuingizwa, desturi ya kusubiri mwaka na siku moja, na viapo vya kutunza siri. Nguvu ya utaratibu huo ni kwamba mwanafunzi anakaa karibu na mwalimu kiasi cha kuona hata makosa yake. Udhaifu wake ulionekana jumuiya zilipokua, maana aliyepanda ngazi zote tatu anajua kuendesha ibada, lakini huenda hajui kukaa na mfiwa, kutunza fedha za watu, wala kumwambia mgonjwa kwamba sasa ni wakati wa kwenda hospitali. Na zimekua kweli: katika sensa ya Uingereza na Wales ya mwaka 2021, watu wapatao 74,000 walijiandika kuwa wapagani, kutoka takribani 57,000 mwaka 2011.

Wengine walijaribu njia tofauti. Chama cha OBOD cha Wadruidi, yaani watu wanaofuata njia ya makuhani wa kale wa Waselti, kilichoanzishwa mwaka 1964 na kufufuliwa mwaka 1988, kinafundisha kwa masomo ya posta yenye ngazi tatu. Nchini Marekani, Isaac Bonewits alianzisha mwaka 1983 chama kingine cha Kidruidi, kiitwacho ADF, akishikilia kwamba kasisi wa dini hiyo asome kwa bidii na apimwe kwa viwango vilivyoandikwa, kama watu wa taaluma nyingine wanavyopimwa. Iko pia shule ya viongozi wa kipagani, Cherry Hill Seminary, iliyoanzia Vermont na sasa ina makao yake South Carolina, ambayo inafundisha kwa intaneti ushauri nasaha, maadili na huduma kwa waumini. Mwanachama wetu mmoja, mwalimu mstaafu, aliuliza kama haya yote si kuiga makanisa. Nilimjibu, na narudia leo, kwamba mfiwa ni mfiwa katika dini yoyote. Kuna mfano mmoja ulionigusa zaidi. Mwaka 2007 serikali ya Marekani ilikubali, baada ya kushtakiwa mahakamani, kwamba alama ya nyota ya ncha tano ichongwe kwenye makaburi ya wanajeshi wake waliokuwa wapagani. Mjane aliyetaka alama ile juu ya kaburi la mumewe alihitaji kiongozi anayejua sheria, si anayejua sala peke yake.

Lakini somo lililotukalisha hadi giza likaingia lilikuwa la Lithuania. Huko, Jonas Trinkūnas na wenzake walianza mwaka 1967 kuadhimisha hadharani siku ndefu kuliko zote za mwaka, chini ya utawala wa Kisovieti, na mwaka 1973 akaondolewa kazini katika Chuo Kikuu cha Vilnius. Njia yao ilikuwa kwenda vijijini kujifunza nyimbo kwa wazee, kwa sababu katika nyimbo hizo ndimo dini ya kale ilimokuwa imejificha. Uhuru uliporudi, jumuiya yao ya Romuva ikaandikishwa mwaka 1992. Mwaka 2002 Trinkūnas akawekwa kuwa kuhani mkuu, na alipofariki mwaka 2014 nafasi yake ikachukuliwa na mkewe, Inija Trinkūnienė, aliyekuwa ameimba naye miaka yote. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka binti wa marehemu akipepeta mtama. Hawa walifika kwa wazee walipokuwa bado wanaimba, na uongozi ulipohama ulikwenda kwa mtu aliyekuwa ndani ya wimbo.

Ndugu wanachama, sasa nieleze ya kwetu, pamoja na kosa letu.

Tulichagua vijana saba, wanne kati yao wakiwa wasichana. Masomo ya kwanza yalikuwa ya kawaida kabisa: kuandika kumbukumbu za kikao, kuweka hesabu, kusikiliza mtu bila kumkatiza. Mwanachama wetu aliye wakili aliwapitisha katika Ibara ya 19 ya Katiba ya nchi, inayolinda uhuru wa imani, akawaonyesha pia Sheria ya Uchawi na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, ili ajuaye kuongoza tambiko asije akajikuta anajiita mganga, kazi ambayo ina usajili wake na hatukuifundisha. Kisha tuliwapeleka Kolo, huko Kondoa, kuona michoro ya miambani, ambayo tangu mwaka 2006 ni urithi wa dunia. Kilichowashangaza vijana haikuwa rangi ya michoro ile bali kuambiwa kwamba baadhi ya mapango yale bado yanatumiwa na wenyeji kwa maombi ya mvua na uponyaji. Walikuwa wamekwenda kama watalii, wakajikuta wameingia katika ibada ya watu wengine.

Kosa lilitokea baadaye, katika kijiji kimoja cha Bahi. Mzee alikuwa amekubali kutuonyesha maandalizi ya tambiko, na alikuwa ameinama chini ya mbuyu, kibuyu mkononi, maji yenye unga wa mtama yakiwa karibu kumwagika, pale simu ilipolia ndani ya mfuko wa shati la kijana wetu. Alikuwa anarekodi bila kuomba ruhusa. Mzee hakugomba. Alikiweka kibuyu chini, akakifunika mdomo kwa kiganja, akasubiri mpaka mlio ukome, kisha akauliza: "Mjukuu wangu, hicho ulichokichukua humo, utamgawia nani?"

Kijana hakuwa na jibu, na ukweli ni kwamba hata kamati haikuwa nalo. Tulikuwa tumewafundisha hesabu na sheria, hatukuwafundisha kuomba. Lawama hiyo ni yangu, si ya kijana. Sauti ile ilifutwa mbele ya mzee siku hiyohiyo, na mwezi uliofuata tulirudi bila simu wala daftari, kuomba radhi. Mzee alisema atafundisha, kwa sharti kwamba mwanafunzi alime naye misimu miwili. Msichana mmoja kati ya wale saba amekubali. Kila Ijumaa jioni anapanda basi, Jumamosi anapalilia uwele, na Jumapili jioni anarudi mjini na mikono yenye malengelenge, hasemi mengi, nasi tumekubaliana kutomhoji.

Tangu siku ile msimamo wangu umebadilika. Nilikuwa miongoni mwa waliotaka mtaala ulioandikwa mwanzo hadi mwisho. Sasa naona kwamba yako mambo ya kuandikwa, kama fedha, sheria, maadili, haki ya mtu kulalamika dhidi ya kiongozi, na ukomo wa muda wa uongozi. Na haya yaandikwe bila huruma, kwa sababu siri inapofunika fedha au mwili wa mtu mdogo kiumri, hiyo si siri ya ibada tena. Maneno na mpangilio wa ibada yenyewe ni mali ya walioyatunza, nao ndio wenye kuamua yapite kwa kalamu au kwa jembe.

Kwa sababu hiyohiyo siungi mkono pendekezo la kutoa vyeti, ingawa naheshimu waliolileta. Tukimpa kijana cheti chenye muhuri wetu, kesho atakwenda nacho kijijini na kuwaambia wazee kwamba yeye ndiye aliyesoma. Kamati inapendekeza badala yake daftari la mwanafunzi, litakalotiwa saini na wazee wawili wa mahali alipojifunzia, na watu wa mahali hapo wakiridhika ndipo nasi turidhike.

Kuhusu fedha, mweka hazina atasoma hesabu kamili. Mimi naomba jambo moja tu: akiba iliyotengwa kwa ajili ya paa la ukumbi ielekezwe mwaka huu kwenye nauli na chakula cha wanafunzi wetu. Najua tulinyeshewa katika mkutano uliopita, na najua ahadi ya paa ni yangu mwenyewe. Mabati yatapatikana hata baada ya miaka mitano. Baadhi ya wazee wetu hatutakuwa nao kwa muda huo. Kura itapigwa katika ajenda ya nne.

Muhula wangu unakwisha mwakani na sitagombea tena. Nimeomba kwamba kuanzia mwezi ujao vikao vya kamati viendeshwe kwa zamu na wanafunzi wawili, mimi nikiwa nimekaa pembeni.

La mwisho ni ombi. Binti wa marehemu amekubali kuja kukaa nasi kwa siku mbili kabla ya mvua kuanza, ili apange upya nyimbo za mama yake. Anahitaji watu waliowahi kuitikia nyimbo zile, hata wakikumbuka kipande kimoja tu. Kama uko humu ukumbini, au una shangazi kijijini aliyekuwa akiitikia, mwachie katibu jina kabla hujaondoka.