Malalamiko kuhusu tumbawe lenye minyoo na dawa mliyoniuzia bila maelezo

Lubumbashi, komini ya Kampemba

Bwana Mkurugenzi,

Nawaandikia kwa sababu simu nimepiga mpaka nimechoka. Kila anayepokea ananisukumia kwa mwenzake.

Tumbawe laini nililonunua dukani kwenu kwa ajili ya akwariamu yangu ya maji ya chumvi lilikuja na minyoo bapa, ingawa muuzaji aliniapia kwamba lilikaa karantini. Vilikuwa vidoa vya rangi ya kutu kwenye jiwe lake, vifupi kuliko punje ya mchele, vyenye vimkia vitatu nyuma. Taa zikiwaka vinapanda hadi kwenye kioo, maana minyoo hii hubeba miani mwilini, yaani vijimea vidogo sana vya majini vinavyoishi kwa mwanga, na hupenda mwanga. Kuzaana haihitaji mwenza: mtoto huchipuka mwilini mwa mzazi na kujikata. Tumbawe likafunikwa lote, likakosa mwanga, likanywea.

Nikarudi kwenu kutafuta dawa. Nikapewa levamisoli, dawa ya minyoo ile ile wanayonyweshwa mbuzi, ndani ya chupa isiyo na karatasi yoyote, na neno moja tu: mimina. Minyoo hii ikifa hutoa sumu majini. Ikiwa mingi, sharti kwanza ifyonzwe kwa mpira kadiri inavyoonekana, mkaa wa kuchujia uwe tayari, na maji ya kubadilisha yawe yameshatiwa chumvi. Anayeuza dawa hiyo ana wajibu wa kuyasema haya kabla ya kupokea pesa. Mimi nilimimina tu kama nilivyoambiwa, na samaki wangu walipanda juu wakihema, kisha wakalala ubavu mmoja baada ya mwingine, watoto wakitazama. Maji niliyokuwa nayo hayakutosha. Lubumbashi hatuna bahari ya kuchota. Chumvi yenyewe inasafirishwa kutoka mbali na kwa bei inayouma.

Nataka mnirudishie bei ya tumbawe, ya dawa na ya samaki waliokufa. Kila chupa mnayouza iwe na maelezo kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, pamoja na onyo la sumu. Matumbawe mapya yatengwe kweli, yaoshwe kwa dawa na yakaguliwe zaidi ya mara moja, kwani mnyoo mmoja ukisalia kazi inaanza upya.

Akwariamu yenu ya mlangoni nayo ina vidoa hivyo hivyo kwenye kioo. Nimeviona kwa macho yangu, na mnaendelea kuuza kutoka humo. Acheni kuuza hadi isafishwe.

Nimeambatanisha fakitire na picha. Nasubiri jibu la maandishi.

Mteja wenu