Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi: Nani Alithibitisha Uvimbe Umetolewa Wote?

Kwako Bwana Mkurugenzi,

Salamu na heshima zako. Jina la hospitali silitaji. Wewe walijua, nasi wa Kisauni twalijua.

Juzi dadangu alirudi kliniki. Karatasi aliyopewa alipotoka wodini yasema uvimbe wa ubongo ulitolewa wote. Daktari wa saratani akaisoma, kisha akauliza jambo moja tu: picha ya MRI ya baada ya upasuaji iko wapi? Haipo. Siku zile mashine ilikuwa mbovu. Iliyopo ni ya wiki kadhaa baadaye, tena kwa pesa zetu, za mchango wa harusi ya binti wa dadangu. Ripoti yake yasema pana mahali panang'aa, na haijulikani kama ni kovu au ni mabaki.

Basi huo uhakika mliutoa wapi?

Mie nauza viatu vya mitumba Kongowea, si daktari. Lakini nimeelezwa nikaelewa. Glioma, uvimbe wa ubongo wa aina aliyo nayo, haina ukingo, hujipenyeza katikati ya ubongo usio na ugonjwa, na mpasuaji akichota kupita kiasi aweza kumwacha mtu hasemi. Simlaumu aliyeshika kisu. Ila jicho lake halitoshi kuwa shahidi. Tangu 1994 madaktari wa Ujerumani walishaandika kwamba picha za mapema huonyesha mabaki ambayo mpasuaji hakuyaona. Ndiyo maana mgonjwa hupigwa MRI ndani ya saa 72, na ndani ya 48 ni bora zaidi, kwanza bila ile dawa ya sindano ya kung'arisha uvimbe pichani, kisha nayo, ikalinganishwa na picha ya kabla ya upasuaji. Siku zikipita, kidonda chenyewe huanza kung'aa, na hapo hakuna wa kuapa. Saa hizo hazirudi, hata tukiuza nyumba.

Mashine iliharibikaje? Wako wasemao heliamu, ile ya kupoza mashine, iliisha. Mie nadhani fundi hajalipwa. Nyinyi hamkutuambia kitu.

Lakini siku ya uzinduzi twaikumbuka, hema na maji ya chupa, uliposema hakuna mgonjwa atakayetoka nje ya lango lile kutafuta kipimo. Umetimiza, hongera. Dadangu hakutoka. Mashine nyingine mjini zilikuwepo, ila gari la wagonjwa halikuwa na mafuta.

Ombi langu ni hilo hilo nililowaambia wauguzi wako, na karani wako, na sasa wewe: kabla mtu hajalazwa mezani, ijulikane picha yake ya saa 72 itapigwa wapi. Yako ikiwa mbovu, mpelekeni kwa jirani, na mafuta mtie nyinyi. Picha ya saa 72, Bwana Mkurugenzi.

Na karatasi ya dadangu irekebishwe, iandikwe wazi kwamba haikuthibitishwa kwa picha. Wiki ijayo anakwenda kupangiwa mionzi, na hiyo ndiyo watakayoisoma.

Wako,
Muuza viatu, Kongowea