Hawakuizomea bendi, walikuwa wanatafuta maneno

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu ambaye barua yake uliichapisha wiki mbili zilizopita. Alisema waliopiga miluzi kwenye onyesho la yule kijana wa gitaa kavu, lisilo la umeme, hapa Tanga ni washamba wasiotaka msanii akue. Mimi nilikuwepo. Tena nilikuwepo kuliko yeye, maana ndiye niliyekaa kwenye mitambo ya sauti usiku ule, na kama kuna orodha ya wa kulaumiwa basi na mimi niandikwe.

Niwaeleze ambao hawakuja. Kijana huyu, ambaye simtaji kwa kuwa hajanituma, amejipatia watu wake kwa miaka kama sita akiwa peke yake: kiti, maiki ya mdomo, maiki ya gitaa, basi. Gitaa lile wazee wetu waliliita galatoni. Anatunga mwenyewe, anaimba polepole, na watu wanakuja na beti zake kichwani. Niliwahi kumfungia vyombo kwenye harusi moja kule Chumbageni, akaanza kuimba wakati sahani zinagawiwa, watu wakaacha pilau. Anayeijua Tanga anaelewa uzito wa jambo hilo.

Safari hii alikuja na bendi kamili: drams, besi, gitaa la umeme, kinanda na wasichana wawili wa kuitikia. Nusu ya kwanza aliimba peke yake, ukumbi kimya, nikawa naisikia friji ya soda ikinguruma nyuma yangu. Nusu ya pili bendi ikapanda. Wimbo wa kwanza, makofi. Wa pili, watu wakaanza kutazamana. Wa tatu, mtu katikati ya ukumbi akapaza sauti, "Tuachie gitaa!" na miluzi ikafuata.

Hapo ndipo mama mmoja, mtu mzima, alipoinuka viti vya mbele akaja taratibu mpaka mezani kwangu. Nikajua leo nimepatikana. Akainama sikioni: "Baba, muziki si mbaya. Ila kwenye ule wimbo wa barua, mwishoni, anasema mama kaisoma au kaichoma?"

Ndugu Mhariri, wimbo ule unamhusu baba aliyekwenda Mombasa kutafuta maisha akapotelea huko, na miaka mingi baadaye inakuja barua. Wimbo mzima unamsubiri yule mke aamue afanye nini nayo, na jibu ni neno moja tu. Nikamwambia mama ukweli: hata mimi sikusikia. Nimekaa na vidhibiti ishirini na nne mbele yangu, vipokea sauti shingoni, na sikusikia.

Sababu ninaijua, na haina uhusiano wowote na ushamba. Sauti za "s" na "ch" ni nyembamba, zinakaa juu, na huko huko juu ndiko matoazi ya drams yanakoishi. Mpiga drams akiyagonga kwa fimbo za mti ndani ya ukumbi wenye paa la bati na kuta za saruji tupu, hizo herufi zinamezwa, unabaki na "kai-oma". Jioni tulipojaribu vyombo ukumbi ulikuwa mtupu, kila kitu kinarudi ukutani, nikapanga nilivyopanga. Watu walipojaa niliiacha drams palepale. Hilo kosa langu.

Lakini kuna lililonishinda hata ningekuwa na mitambo ya Ulaya. Kijana huyu anapiga kwa gumba na kidole cha shahada. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene, ndilo besi lake. Kidole cha shahada kinacheza nyembamba. Ni upigaji wa kina Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Kongo, yule ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, na ambaye baadaye Nairobi walimfahamu vizuri sana. Mtu wa namna hiyo ana bendi ndani ya mkono mmoja. Mpiga gitaa George Mukabi kule magharibi ya Kenya alitosheka na chupa ya Fanta ya kukwaruzwa pembeni. Sasa ukimwekea mpiga besi juu ya gumba lile, unapata besi mbili zinazogombea mlango mmoja. Usiku ule niliona kabisa gumba linasita, kisha likaacha. Kuanzia wimbo wa pili alikuwa anakwangua nyuzi zote kwa pamoja kama mtu yeyote aliyejifunza gitaa wiki iliyopita.

Na mwendo. Akiwa peke yake hurefusha mstari anapotaka, husimama kabla ya neno zito, mkavuta pumzi pamoja naye. Drams hazisimami. Kuna mstari alikuwa akiunong'ona; sasa ilibidi aupigie kelele ili ajisikie mwenyewe. Mstari wa kunong'ona ukiupigia kelele unageuka kuwa mstari mwingine.

Sasa huyu msomaji anasema tunaogopa bendi. Sisi? Mimi nimekulia Ngamiani, katika mji wa bendi za dansi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Utotoni kwetu mtu akionekana na gitaa peke yake aliulizwa, "Wenzio wako wapi?" Na upande wa taarabu, Black Star na Lucky Star walikuwa na vyombo vya umeme, na bado hakuna aliyelalamika kwamba hakumsikia mwimbaji wao Shakila alichosema. Kwa nini? Kwa sababu vyombo vilijua adabu. Mwimbaji anatoa ubeti, vyombo vinamwinamia. Akimaliza ndipo vinajibu kwa fujo zao zote, na watu wanainuka kwenda kumtunza pesa. Mtu hatunzi neno ambalo hakulisikia.

Jambo lenyewe wala halikuanzia Tanga. Tarehe 25 Julai 1965, tamasha la Newport huko Rhode Island, Marekani, mwimbaji Bob Dylan, ambaye watu wale walimzoea na gitaa kavu na kinanda cha mdomo, alipanda na gitaa la umeme, nyuma yake wakiwamo wanamuziki wa bendi ya Paul Butterfield. Walikuwa wamefanya mazoezi usiku mmoja tu. Wakapiga nyimbo tatu, wakazomewa, wakashuka. Yeye akarudi peke yake na gitaa kavu akaimba mbili zaidi. Mpaka leo watu wanabishana walizomea nini: umeme, ufupi wa onyesho au ubovu wa sauti. Mimi kwa kazi yangu mnajua niko upande gani. Pete Seeger, mzee wao wa banjo, inasimuliwa kwamba alitamani shoka akate waya. Mwenyewe alikuja kueleza kuwa kilichompandisha hasira ni sauti kuvurugika hata maneno yasieleweke. Huyo ni yule mama wangu wa viti vya mbele, ila amepandwa na hasira.

Mwaka uliofuata Dylan na bendi yake walizunguka Uingereza kwa mpangilio uleule tuliouona hapa, nusu ya kwanza peke yake, nusu ya pili na bendi. Mei 17, mjini Manchester, mtu akamwita "Yuda!" Dylan akamjibu kwamba hamwamini, kwamba ni mwongo. Watu wanapenda kusimulia kisa hicho kama ushujaa wa Dylan. Mimi humfikiria zaidi Levon Helm, mpiga drams wao, aliyeacha msafara mwishoni mwa 1965 kwa kuchoka kuzomewa kila usiku. Mpiga drams wetu ni kijana wa miaka ishirini na kitu. Baada ya onyesho alifungua drams zake bila kumtazama mtu, akawa anafuta toazi kwa kitambaa, toazi ambalo halikuwa na vumbi. Alipiga alichoambiwa apige, kwa sauti niliyomruhusu mimi.

Kwa hiyo na waliopiga kelele "Tuachie gitaa" siwaungi mkono. Gitaa ni la mwimbaji, halikuwahi kuwa letu. Nilimuuliza tulipokuwa tunakunja nyaya kwa nini kaamua kuwa na bendi. Akasema, "Kaka, panda wewe basi la usiku miaka sita bila mtu wa kumwambia kwamba leo nilikosea." Sikuwa na la kumjibu.

Mwezi ujao anarudi ukumbi uleule, na bendi ileile. Tumekaa tukakubaliana machache. Kwenye nyimbo nne mpiga besi atakunja mikono, gumba lipite. Mpiga drams amenunua fimbo za brashi. Mwenye ukumbi anatundika mapazia mazito ukuta wa nyuma, ameahidi, tutaona. Na kwenye wimbo wa barua, ubeti wa mwisho, bendi yote inanyamaza.

Msomaji mwenzangu naye namkaribisha. Nitakuwa nyuma, kando ya friji ya soda. Usiposikia neno usipige mluzi, njoo uniambie, nina mkono wa kushusha.

Na yule mama, kama anasoma gazeti hili au kuna mjukuu anayemsomea: nilimuuliza mwimbaji mwenyewe. Kaichoma.

Fundi mitambo,
Ngamiani, Tanga